Banda la mabanzi: acheni kuziba juu

Mabanzi, yaani vipande vya pembeni vya magogo, kutoka viwanda vya mbao vya Mufindi, mabati chakavu na viroba vya mbolea vinajenga banda zuri kabisa la kuku. Kinachoniuma ni mfugaji anayemaliza kujenga, kisha akaziba kila upenyo kwa nailoni hadi kwenye paa, eti baridi ya Juni na Julai. Kuku mkubwa aliye mkavu anahimili baridi ya Makete. Asichohimili ni unyevu na hewa chafu.

Ingia alfajiri kwenye banda lililozibwa, utazame chini ya bati. Mvuke wa pumzi na kinyesi umegeuka matone, yanadondokea maranda ya mbao yaliyotandazwa sakafuni. Kinyesi kibichi hutoa amonia, inaunguza macho na njia ya hewa, na mafua hayachelewi. Hapo mtu anakimbilia duka la dawa, mwezi baada ya mwezi, nailoni ikiwa palepale!

Kwa ukuta wa mita 2, pimeni kwa futi kamba, si kwa macho. Sm 100 za chini ni mabanzi yaliyobanana, nyufa zizibwe kwa udongo ili utitiri usijifiche. Sm 70 zinazofuata ni wavu wenye pazia la viroba. Sm 30 za juu ni wavu mtupu, pande mbili ndefu, mwaka mzima. Tundu la wavu lisizidi mm 12, maana kicheche hahitaji nafasi kubwa. Vichanja vya kulalia viwe sm 50 kutoka sakafuni, upepo upite juu ya vichwa. Ukivipandisha hadi sm 90, vichwa vinapita usawa wa mabanzi, kinga inabaki pazia tu.

Pazia pigilieni misumari ukingo wa chini, kamba ziwe juu. Wengi mnafanya kinyume, mnalikunja kutoka chini, na upepo unawapiga kuku moja kwa moja. Lipandishwe saa 12 jioni, lishushwe saa 2 asubuhi. Siku ya upepo mkali wa kusini-mashariki, upande huo ubaki umefungwa, ila sm 30 zile msiziguse.

Vifaranga wanahitaji joto, lakini jiko la mkaa kwenye chumba kisichopitisha hewa linaweza kuua wote usiku mmoja.

Maranda makavu, bati bila matone: mko sawa.

Mliokwisha kuziba msibomoe. Kateni nailoni sm 30 za juu leo hii, toeni maranda mabichi, mwageni makavu kina cha sm 8. Kesho asubuhi, kabla ya kuacha mlango wazi kwa muda, ingieni mchuchumae usawa wa kuku. Macho yakiwasha, ongezeni upenyo.