Kabla Hujaanza Kusoma Lugha za Kale za Kigermaniki Kwenye Ngozi na Mawe

Nimekutana na vijana wengi wa kwetu walioko vyuo vya Ujerumani na Skandinavia ambao wamezipenda runi (herufi za kale za kuchongwa) au Edda, mashairi ya kale ya Iceland, na wanataka kuingia moja kwa moja. Ingieni, elimu hii ya lugha za Kigermaniki, yaani ukoo wa Kijerumani, Kiingereza na Kiswidi, haina mwenyewe. Ila yako mambo ya kuweka sawa kwanza, maana nimeona watu wenye akili nyingi wakipoteza miaka kwa kuyapuuza.

Jifunze kusoma Kijerumani cha leo. Hapa hakuna mjadala. Sarufi na kamusi nyingi za msingi za Kigothi, Kisaksoni cha Kale na Kijerumani cha Kale cha Juu zimeandikwa kwa lugha hiyo, na baadhi ya zile kongwe zimepigwa chapa kwa herufi za kizamani zenye kona kona. Ukitaka runi, ongeza Kiswidi au Kidenishi, angalau cha kusoma tu. Kilatini nacho hukikwepi: maneno mengi ya kwanza ya Kijerumani tuliyonayo yameandikwa pembeni au katikati ya mistari ya vitabu vya Kilatini.

Chagua lugha moja ya kuanzia, na ujue imetufikia kwa njia gani. Kigothi kinapendwa kwa sababu ni kikongwe na sarufi yake imenyooka. Lakini karibu kila tulichonacho ni tafsiri ya Biblia kutoka Kigiriki, kazi ya Askofu Wulfila wa karne ya 4. Mswada wake mashuhuri, Codex Argenteus wa Uppsala, Sweden, wenye Injili, uliandikwa mwanzoni mwa karne ya 6 kwa wino wa fedha na dhahabu juu ya ngozi iliyotiwa rangi ya zambarau. Ulikuwa na laha 336, zimebaki 188. Mpangilio wa maneno humo unafuata Kigiriki mara nyingi mno, kwa hiyo usije ukatuambia Wagothi walivyozungumza sokoni kwa kuitazama Injili hiyo peke yake.

Jifunze herufi kabla ya maneno. Katika miswada ya Kiingereza cha Kale, þ, p na ƿ (hii ya mwisho ni w) zinachanganya macho hata ya mzoefu. Kijistari juu ya herufi mara nyingi kinamaanisha m au n imeachwa. Runi zina mtego wake. Alfabeti yao ya mwanzo ilikuwa na alama 24. Ilipofika zama za Waviking zikabaki 16, ingawa sauti za lugha zilikuwa zimeongezeka. Kwenye jiwe kubwa la Jelling, Denmark, lililosimamishwa na Mfalme Harald mnamo 965 hivi, neno la mfalme, konungr, limechongwa «kunukR», na kumbl, yaani kumbukumbu, limechongwa «kubl». U inabeba o, k inabeba g, na n au m iliyotangulia konsonanti fulani haiandikwi. Anayesoma tenzi zetu za zamani katika hati za Kiarabu atajisikia nyumbani hapa: huko nako mb huandikwa b tupu, na e haitengwi na i. Msomaji ndiye anayejazia. Basi jizoeze kujazia kwa kanuni. Kubahatisha hakutakufikisha mbali.

Sasa hili ndilo nataka ulishike hata ukisahau mengine yote: fahamu toleo unalosoma limepitia mikono ya nani.

Mwenzangu mmoja tuliyesoma naye Ujerumani, mchapakazi hasa, aliamua kuonyesha jinsi wanakili wa Iceland walivyotofautisha irabu ndefu na fupi. Akachukua matini ya mashairi ya Edda mtandaoni, iliyokuwa imenakiliwa kutoka toleo lililochapwa, akaandika programu ya kompyuta, akahesabu kila á, é, í, ó na ú. Matokeo yalikuwa safi ajabu. Alama hazikuyumba popote, shairi la kwanza hadi la mwisho. Akaandika sura baada ya sura juu ya nidhamu ya mnakili yule.

Siku ya kuwasilisha rasimu, mhadhiri mmoja mzee akamuuliza kwa upole: umeziona alama hizi kwenye laha ya ngapi? Kisha akaonyesha ukutani picha ya mswada wenyewe, Codex Regius, wenye namba ya maktaba GKS 2365 4to, ulioandikwa Iceland mnamo 1270 hivi. Wino wa kahawia, herufi ndogo zilizobanana, mashairi yameandikwa mfululizo kama nathari. Tukaanza kuzitafuta alama. Moja hapa, nyingine kule, na maneno mengi ya irabu ndefu hayana kitu. Zile zilizohesabiwa zilikuwa zimepachikwa na mhariri wa zama hizi, kwa kufuata kanuni za sarufi, ili wanafunzi wasome kwa urahisi. Rafiki yetu alikuwa amepima uthabiti wa mhariri huyo. Na hakuna aliyemdanganya, kwani utangulizi wa toleo ulieleza yote, kwa Kijerumani, katika kurasa alizoziruka. Ilibidi abadilishe mada huku ufadhili unakwisha na nyumbani wanamngoja. Mtu wa namna ile hakustahili kuumia vile, na ndiyo maana nalisema kwa ukali.

Kwa hiyo soma utangulizi kwanza. Tafuta kama mhariri amenakili herufi kwa herufi, au amefungua vifupisho, au amesawazisha tahajia yote. Matoleo yaliyosawazishwa ni mazuri kwa kujifunza lugha na kufurahia hadithi, lakini anayechunguza tahajia aende kwenye picha za mswada. Za Iceland ziko kwenye tovuti ya handrit.is, za Uswisi kwenye e-codices, na zote ni bure. Wala usiruke upande wa pili ukadai kwamba wanakili wa kale hawakuweka alama kamwe: Notker, mtawa wa St. Gallen, Uswisi, aliyefariki 1022, aliziweka kwenye Kijerumani chake kwa makusudi na kwa mpango.

Mabano na herufi za mlazo kwenye toleo zina maana, zisome. Mswada wa Beowulf, utenzi wa Kiingereza cha Kale, ulinusurika moto wa 1731 jijini London, lakini kingo ziliungua na zikaendelea kumomonyoka. Thorkelin, msomi kutoka Iceland, alipata nakala mbili mwishoni mwa karne ya 18, moja ya mkono wake na nyingine ya mnakili wa kukodi. Mwaka 1845 laha zikawekwa kwenye fremu za karatasi, zikahifadhika, ila fremu nazo zikafunika baadhi ya herufi za pembeni. Yapo maneno unayoyaona kwenye kitabu leo kwa sababu ya nakala zile tu.

Kwingine waharibifu walikuwa wasomi wenyewe. Orodha ya runi kwenye mswada namba 878 wa St. Gallen iliharibiwa na kemikali katika karne ya 19. Tunachotegemea ni mchoro wa msomi wa Kijerumani Wilhelm Grimm wa 1828. Pembe za dhahabu za Gallehus, zenye ule mstari ambao kila kitabu cha kiada huuweka mbele, «ek hlewagastiz holtijaz horna tawido» (mimi Hlewagastiz Holtijaz niliitengeneza pembe), ziliibwa Copenhagen mwaka 1802 na kuyeyushwa. Unausoma mstari wa karibu mwaka 400 kupitia michoro ya karne ya 18.

Basi pakua picha unazozihitaji mapema, na uandike namba ya mswada na ya laha kila unapopiga picha au kunukuu. Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza ilishambuliwa na wadukuzi, na picha za miswada yake zikawa hazipatikani mtandaoni kwa muda mrefu. Waliokuwa na nakala zao waliendelea na kazi.

Ukienda maktaba yenyewe, omba nafasi mapema, beba barua ya msimamizi wako na penseli, osha mikono, vaa sweta.

Kwenye mawe ya Sweden jihadhari na rangi nyekundu. Imepakwa na wataalamu wa siku hizi ili mpita njia aone mistari, na aliyepaka alishaamua kipi ni mchongo na kipi ni ufa. Tazama jiwe wakati jua liko chini au kwa tochi ya ubavuni. Usipitishe chaki wala kisu.

Kitu kikikufurahisha kupita kiasi, shuku. Jiwe la runi la Kensington lilifukuliwa na mkulima wa Minnesota, Marekani, mwaka 1898, limechongwa maandishi yanayojitaja kuwa ya mwaka 1362, na wataalamu wengi mno wanaliona ni kazi ya karne ya 19. Bado lina watetezi.

Neno lenye nyota (*) mbele yake limekisiwa kwa kulinganisha lugha, kama wafanyavyo wanaisimu wa Kibantu. Hata likikubaliwa na wote, usilinukuu kana kwamba limechongwa mahali.

Na runi zina historia nyingine. Wanazi walizichukua, na Ujerumani sheria inakataza kuonyesha hadharani alama za mashirika yao, runi mbili za kikosi chao cha SS zikiwemo. Angalia unachovaa, unachochora mwilini na unayepiga naye picha. Omba ruhusa kabla ya kuchapisha picha ya maktaba. Hifadhi kazi yako mahali zaidi ya pamoja. Mengi yanayouzwa kama maana za siri za runi yalitungwa karne ya 20; anayekuuzia muulize ameyatoa kwenye mswada upi, laha ya ngapi.