Mgonjwa wako kakatwa kansa ya tumbo? Haya yaangalie kabla hujampeleka kupima damu

Kama opresheni bado haijafanyika basi hili ndo la kwanza kabisa, damu ya CEA na CA 19-9 (alama za kansa zinazopimwa kwenye damu, baadae zinasaidia kuangalia kama imerudi) ichukuliwe kabla hajaingia tiata. Sisi hatukufanya. Baba mdogo alitolewa mfuko wote wa chakula, mwaka ukapita, siku ya kliniki CEA ikasoma 6, dokta akatuuliza kabla ya opresheni ilikuwa ngapi, tukabaki tunaangaliana tu. Namba moja peke yake haikwambii imepanda au ndo ilivyokuwa siku zote.

Halafu dokta akamgeukia mwenyewe, "Mzee wangu, sigara bado?" Baba mdogo akainama, "Mbili tatu tu kwa siku, dokta." Mimi nilikuwa najua kaacha! Kumbe sigara yenyewe inapandisha CEA, ndo maana ile 5 inayoandikwa pembeni kama mwisho wa kawaida inawasumbua wavutaji. CA 19-9 nayo mwisho wake ni 37, lakini mtu mwenye manjano au njia ya nyongo imeziba inaweza kupanda sana bila kansa kurudi, na kuna watu damu yao kwa kuzaliwa haitengenezi kabisa hiyo CA 19-9, kwa hao itasoma chini hata kansa ikiwa imejaa. Kwa hiyo kabla ya kwenda, mwambieni dokta ukweli wote, sigara, manjano, dawa anazotumia, msimfichie mzee wenu aibu.

Maabara iwe ileile kila mara. Mashine zinatofautiana, leo hapa kesho kule mwisho mnalia kwa tofauti ya mashine. Nunua daftari, andika tarehe, namba, na jina la maabara, maana dokta anachotafuta ni mwendo, imepanda mara mbili tatu mfululizo au imepanda mara moja ikashuka.

Karatasi ambayo watu wengi wanaiacha nyumbani ni ripoti ya patholojia, yaani majibu ya maabara ya ile nyama iliyokatwa, na mimi naona hiyo ni muhimu kuliko damu yenyewe. Isome mkiwa na dokta: kansa ilizama mpaka tabaka gani la ukuta wa mfuko wa chakula, kingo za pale palipokatwa zilikuwa safi, tezi za limfu zilizochunguzwa ni ngapi na zilizokutwa na kansa ni ngapi. Zikichunguzwa chini ya 15 au 16 hivi, ule usemi wa "tezi ziko safi" hauna uzito sana, inawezekana zenye kansa hazikuguswa. Ulizeni pia kama HER2 (protini kwenye seli za kansa) na MSI (hitilafu ya seli za kansa kurekebisha DNA yake) vilipimwa, maana vinasaidia kuchagua dawa ikirudi, na kile kipande cha nyama kilichohifadhiwa kwenye nta ulizeni kiko wapi na kinatunzwa muda gani.

Kuna kipimo kipya cha kutafuta vipande vya DNA ya kansa kwenye damu. Vikionekana baada ya opresheni, uwezekano wa kurudi ni mkubwa sana, ila visipoonekana bado sio dhamana, na bei yake inauma, kwa hiyo kabla ya kuuza kiwanja muulize dokta majibu yatabadilisha nini kwenye matibabu. Kama hakuna kitakachobadilika, hela hiyo iwe ya sitiskani (CT scan) na nauli ya kliniki.

Kliniki za miaka 2 ya mwanzo msikose hata moja, kurudi kwingi kunatokea humo. Na damu ikiwa nzuri huku mzee anapungua kilo, chakula kinakwama, tumbo linajaa maji, msisubiri tarehe, kwa wagonjwa wengi hizi alama za damu hazipandi hata kansa ikirudi.

Baba mdogo tulirudia wiki 6 baadae maabara ileile, ikasoma 5.4, sitiskani haikuonyesha kitu. Sigara kaacha, safari hii pakiti aliniletea mwenyewe mkononi.