Jinsi ya kuomba mafunzo kwa vitendo kwenye mamlaka ya maji ukiwa bado sekondari

Neno moja huangusha barua nyingi za wanafunzi: "yoyote". "Naomba nafasi yoyote itakayopatikana." Nimepokea barua za namna hiyo kwa miaka kadhaa, na kila mara nasikitika, kwa sababu najua aliyeiandika anaweza kuwa kijana makini kabisa. Lakini afisa utumishi akishaisoma hajui ampeleke maabara, kwa mafundi bomba au ofisi ya bili, na hana muda wa kukisia. Barua inaingia kwenye faili na kukaa humo. Ndiyo maana katika mwongozo huu uandishi wa barua hauji kwanza.

Kwanza, chagua kitengo

Mamlaka ya maji ina kazi nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kwenye mtambo wa kusafisha maji, maji ya mtoni au bwawani hutiwa shabu au kemikali nyingine ili chembe za udongo zishikane na kuwa nzito. Yakitulia, chembe huzama chini, kisha maji hupitishwa kwenye mchanga wa kuchujia na mwishowe hutiwa klorini. Ukipenda kemia, omba maabara. Huko utapima pH (kiwango cha uasidi au ualkali), ukungu wa maji (yaani yalivyochafuka kwa chembe) na klorini iliyobaki. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba, ili klorini iue vijidudu sawasawa, ikae na maji kwa angalau dakika 30 na baada ya hapo ibaki walau miligramu 0.5 kwa lita, huku pH ikiwa chini ya 8. Ukiielewa sentensi hiyo kabla ya usaili, tayari umewatangulia wengi.

Anayependa fizikia na hesabu ataridhika zaidi kwenye usambazaji: pampu, shinikizo, dira (mita za maji), na ile vita isiyoisha dhidi ya upotevu wa maji, yaani maji yaliyozalishwa lakini hayakulipiwa kwa sababu yalivuja, yaliibwa au dira ilisoma vibaya. Kuna pia ramani za mabomba kwenye kompyuta, huduma kwa wateja, ununuzi na uhasibu.

Sasa majitaka. Wanafunzi wengi hukikwepa kitengo hiki kwa sababu ya jina lake, na kwa niliyoyaona, ndicho chenye nafasi tupu mara nyingi. Nakusihi ukifikirie. Kazi kubwa pale hufanywa na bakteria: wanapuliziwa hewa, wanakula uchafu, kisha wanatulia chini kama tope, na sehemu ya tope hilo hurudishwa kuanza upya. Njia hiyo ya tope hai ilielezwa huko Manchester mwaka 1914 na Edward Ardern na William Lockett, na mpaka leo ni miongoni mwa njia zinazotegemewa zaidi duniani. Anayependa baiolojia hatapata darasa zuri kuliko hilo.

Pili, umri na ruhusa

Uliza shuleni na kwenye mamlaka umri wa chini unaokubaliwa. Mkataba Na. 138 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1973 unaruhusu mafunzo kazini kwa waliofikisha miaka 14, yakiwa sehemu ya masomo na yakifuata masharti yaliyowekwa, lakini kazi za hatari ni za kuanzia miaka 18. Pendekezo Na. 190 la mwaka 1999 linazitaja kazi za chini ya ardhi, za ndani ya maji na za kwenye sehemu finyu zilizofungwa kuwa miongoni mwa kazi hizo.

Maana yake kwako ni moja: hutaingia kwenye chemba, tangi wala kisima cha pampu. Majitaka hutoa gesi ya salfaidi ya hidrojeni, ambayo ikiwa kidogo hunuka kama yai viza. Ikizidi inaua uwezo wa pua kuinusa, na mtu huanguka bila kupata onyo. Wapo wafanyakazi wazoefu waliokufa hivyo, na wapo waliokufa wakishuka kuwaokoa wenzao. Hata fundi unayemheshimu akikuambia "shuka kidogo tu ushike tochi", kataa, kisha mweleze msimamizi wako. Mzazi naye ayajue haya kabla hajasaini fomu ya ridhaa.

Tatu, nyaraka

Kwa kawaida utahitaji barua ya utambulisho kutoka kwa mkuu wa shule yenye muhuri, barua yako ya maombi, nakala ya matokeo ya karibuni, nakala ya cheti cha kuzaliwa au kitambulisho, na ridhaa ya mzazi au mlezi. Sehemu nyingine hudai pia bima. Ianze mapema barua ya shule, maana ndiyo huchelewa. Mpe mwalimu tarehe kamili za likizo na jina la kitengo ili barua mbili zisipingane.

Nne, barua yenyewe

Ukurasa mmoja unatosha. Iandike kwa mkurugenzi mtendaji, kupitia kwa mkuu wa shule ikiwa ndio utaratibu wenu. Kichwa kiwe wazi:

YAH: MAOMBI YA MAFUNZO KWA VITENDO, KITENGO CHA MAABARA YA UBORA WA MAJI

Kisha mwili. Usianze kwa kusifu taasisi. Anza hivi:

"Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, mchepuo wa sayansi. Naomba kujifunza katika maabara yenu kwa wiki tatu za likizo. Darasani tumejifunza kupima pH, na ningependa kuona jinsi vipimo vinavyomwongoza mwendesha mtambo kuamua kiasi cha shabu na klorini. Nikikosa nafasi maabara, nitashukuru kupokelewa kwenye mtambo wa majitaka."

Imejaa mambo yote: wewe ni nani, unataka wapi, kwa muda gani, unajua nini, na chaguo la pili. Malizia kwa namba ya simu inayopatikana, yako au ya mlezi, na saini.

Tano, kupeleka na kufuatilia

Peleka miezi miwili au mitatu kabla ya likizo. Kama mamlaka inapokea maombi kwa mtandao, fuata njia hiyo. Kama ni kwa mkono, nenda masjala na nakala mbili: moja wanabaki nayo, nyingine wanakugongea muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Nakala hiyo itunze. Wiki mbili zikipita kimya, rudi nayo na uulize kwa adabu barua iko mezani kwa nani. Hapo si kumsumbua mtu.

Sita, usaili na maandalizi

Ukiitwa, mazungumzo huwa mafupi. Huenda ukaulizwa kwa nini maji, na kwa nini kitengo kile. Jibu kwa jambo uliloliona mwenyewe, hata kama ni bomba lililovuja njiani kwa wiki nzima.

Ukikubaliwa, uliza kuhusu chanjo, hasa ya pepopunda na ya homa ya ini aina A kwa anayekwenda majitaka. Uliza nani anatoa buti, glavu na kofia ngumu. Kidonda kifunikwe, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa uso au chakula.

Nunua daftari la kumbukumbu za kila siku: tarehe, kazi uliyoiona, kipimo ulichosoma, swali lililobaki. Msimamizi alitie saini kila wiki, usimrundikie kurasa zote siku ya kuaga. Siku tatu kabla ya kumaliza, omba kwa maandishi barua ya uthibitisho inayotaja kitengo, tarehe na kazi ulizojifunza, ili iwe imesainiwa kabla hujarudisha kofia na buti.