Hesabu faida kwa mita ya ujazo ya maji, si kwa ekari

Kwa miaka mingi nilihesabu mavuno kwa ekari, kama nilivyofundishwa. Lakini penye ukame kinachokwisha ni maji, ardhi hubaki. Nilipoanza kugawanya mavuno kwa maji, niligundua kwamba kipande nilichokisifia sana ndicho kilichokuwa kinanila. Hesabu yenyewe inataka ndoo, saa na daftari tu.

Weka ndoo ya lita 20 kwenye mdomo wa bomba, hesabu sekunde hadi ijae, rudia mara tatu. Yangu hujaa kwa sekunde 8, yaani lita 2.5 kwa sekunde, au mita za ujazo 9 kwa saa. Pampu yangu hunywa lita moja ya mafuta kwa saa, kwa hiyo nagawanya bei ya lita kwa 9 kupata gharama ya mafuta kwa mita moja ya ujazo (kuanzia hapa naiita mita tu). Ongeza oili, vipuri na ujira wa anayeshinda kwenye mifereji. Huo ujira watu huusahau kwa kuwa anayeshinda huko ni wao wenyewe, nao jasho lao hawalihesabu. Lihesabu. Kisha pima tena kiangazi kikikolea, maana maji ya kisima yakishuka ndoo huchelewa kujaa na kila mita hupanda bei kimyakimya.

Sasa linganisha na mahitaji ya mmea. Milimita moja ya maji juu ya hekta moja ni mita za ujazo 10. Nikiendesha pampu saa 6 napata mita 54. Kwenye robo hekta hizo ni milimita 21 na ushee. Mahindi yaliyokwisha kukua, kwenye jua kali na upepo, yanaweza kutumia milimita 6 kwa siku, hivyo nilitarajia yatulie siku tatu na nusu. Siku ya pili jioni majani yalikuwa yamejikunja! Kwenye mifereji ya udongo, kufikisha asilimia 60 ya maji kwenye mizizi ni jambo la kawaida. Kabla ya kufikiria mabomba ya matone, yanayodondosha maji kidogo kidogo kwenye mmea, nilisawazisha shamba, nikafupisha mifereji na kuziba panapovuja. Ni kazi ya jembe tu, na hakuna mita nilizookoa kwa bei nafuu kuliko hizo.

Swali linaloleta pesa zaidi ni hili: mwagilio wa mwisho unarudisha gharama yake? Acha mistari minne bila mwagilio huo, vuna kando, pima kwenye mizani. Kilo zilizopungua zikiwa na thamani ndogo kuliko mafuta na ujira, umepata jibu. Kwa mahindi ipo alama: bandua punje, tazama kitako chake. Ukiona doa jeusi, punje imekomaa na maji hayataiongezea uzito. Mimi nilikuwa namwagilia hata baada ya hapo, kwa huruma tu.

Usibane maji wakati mbelewele na nywele zinatoka. Kiu ya siku chache hapo huacha magunzi yenye mapengo, na maji ya baadaye hayayajazi.

Mabomba ya matone hulipa pale maji yanapovutwa kutoka mbali au kina kirefu. Ila ukiyaweka kisha ukapanua shamba kwa maji uliyookoa, kisima hakitapumzika hata kidogo.

Kabla ya kupanda, kadiria mita ambazo kisima hutoa kwa siku katika mwezi mbaya kuliko yote. Kwangu ni 54. Asilimia 60 yake, inayofika kwenye mizizi, ni 32 na kidogo. Hekta moja kwa milimita 6 inadai mita 60 kila siku. Kwa hiyo napanda nusu hekta, na sehemu iliyobaki naiachia mvua, ikija.