Kabla hujapakia slaidi: ninavyopanga kozi ya chuo kwa wanafunzi wa mtandaoni

Ninafundisha takwimu za awali kwa wanafunzi ambao wengi wao wako kazini: walimu, wauguzi, maofisa ugani. Wanasoma usiku, kwenye simu, kwa bando la kununua wenyewe. Kwa hiyo ukiniuliza kozi ya mtandaoni inaanzia wapi, sitakutajia Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, wala kamera. Inaanza na karatasi yenye hesabu mbili: saa alizonazo mwanafunzi, na megabaiti anazoweza kununua.

Saa kwanza. Kwa utaratibu wa TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu Tanzania, krediti moja, yaani kipimo cha uzito wa kozi, ni saa 10 za kujifunza, kila kitu kikiwemo. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Ukigawa kwa muhula wa wiki 15 unapata saa 8 kwa wiki. Hizo ndizo zako, hakuna nyongeza. Mimi huzigawa hivi: kusoma saa 2, video nusu saa, kazi ya mikono saa 3, mjadala saa 1, kwizi nusu saa, kipindi cha mubashara saa 1. Ukiweka makala ya kurasa 40 na kusema "someni pia sura ya tano", rudi kwenye karatasi uone saa hizo unazitoa wapi. Mhadhiri anayebandika kila alichonacho anajionea fahari, lakini mwanafunzi mwenye zamu ya usiku atachagua mwenyewe cha kuruka, na mara nyingi ataruka kile ulichokipenda.

Sasa megabaiti. Sauti ya dakika 8 kwa kilobiti 64 kwa sekunde haifiki MB 4. Video ya dakika hizohizo kwa kilobiti 500 ni MB 30. Rekodi ya kipindi cha saa mbili kwa megabiti 1 inafika MB 900, na huyo ni mwanafunzi mmoja, wiki moja, somo moja. Kwa hiyo kila video yangu ina pacha wake: faili la sauti, na ukurasa mmoja wa maandishi. Maandishi hayo yanamsaidia pia asiyesikia vizuri. Ila yawe maandishi halisi. PDF iliyopigwa skana ni picha tu, na programu ya kumsomea asiyeona haitatoa hata neno.

Kuhusu urefu wa video, mwaka 2014 mtafiti Philip Guo na wenzake walichapisha uchambuzi wa mara milioni 6.9 ambazo video za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, zilitazamwa. Muda wa kati wa watu kukaa na video haukuzidi dakika 6, hata video yenyewe iwe ndefu kiasi gani. Waliona pia kwamba video ya mtu anayeandika kwa mkono huku akieleza huwashika watu kuliko slaidi tupu. Habari njema kwa wasio na studio: simu kwenye stendi, ikitazama karatasi na kalamu ya wino mzito, feni imezimwa ili isivume kwenye sauti. Basi. Na usiseme "kama tulivyoona wiki iliyopita" au "mtihani wa Novemba" ndani ya video, utalazimika kuirekodi upya mwakani.

Sasa moyo wa jambo. Usianze na mada. Anza na kile mwanafunzi atakachoweza kufanya wiki ikiisha, kisha buni kazi itakayokuonyesha kwamba anakiweza, na mwisho kabisa ndipo uulize anahitaji kusoma nini ili aifanye. Mtaalamu wa elimu John Biggs aliandika juu ya jambo hili mwaka 1996, kwamba lengo, kazi na upimaji viende njia moja, lakini bado naona kozi ambazo lengo linasema "kuchambua" na kwizi inauliza fomula.

Wiki yangu ya nne inahusu wastani na mediani, yaani namba inayokaa katikati ukizipanga zote kuanzia ndogo hadi kubwa. Lengo: mwanafunzi aweze kumshauri mtu mwingine namba ipi aitumie. Maelekezo yako hivi, neno kwa neno:

"1. Nenda sokoni. Andika bei ya kilo moja ya maharage kwa wauzaji 9. 2. Tafuta wastani na mediani. 3. Sasa jifanye karani kaongeza sifuri moja kwenye bei ya juu kabisa. Hesabu tena. 4. Kwa sentensi tano, bila fomula, mweleze ofisa ugavi wa shule atumie namba ipi kwenye bajeti, na kwa nini. Pakia picha ya karatasi yako kabla ya Jumatano saa 2 usiku."

Mmoja akileta bei kuanzia 2,600 hadi 3,400, wastani 3,000 na mediani 3,000, ile sifuri inageuza 3,400 kuwa 34,000. Wastani unaruka hadi 6,400. Mediani haitikisiki. Kaliona hilo kwa maharage ya soko lake mwenyewe, mkononi mwake, kabla sijamweleza kitu. Ufafanuzi wa vitabuni unakuja baada ya hapo, na unasomwa kwa hamu.

Kazi ya namna hii inapunguza pia kishawishi cha akili mnemba. Siipigi marufuku, siwezi kuisimamia. Lakini haina bei za soko la Tunduru asubuhi ya leo, na kila wiki nawapigia wachache simu ya dakika tano: "Hebu nieleze sentensi yako ya nne." Kwa kwizi natumia aina ya swali la hesabu lililomo ndani ya Moodle, linalompa kila mtu namba zake. Kunakili jibu la jirani hakumsaidii.

Saa ya mwisho ya kuwasilisha iandike kwa maneno ya watu. Mfumo unapoandika "12:00 AM Alhamisi", nusu ya darasa wanaelewa Alhamisi saa sita usiku ijayo, na wanachelewa siku nzima.

Mjadala wa "toa maoni yako" hufa siku ya pili. Gawa watu kwa makundi ya watano au sita, wape jambo lenye ubishi ndani yake. Mimi huwaambia waweke mediani zao pamoja, kisha waamue: je, tunaweza kuziita hizi bei za maharage za Tanzania? Hapo ndipo anayekaa Kariakoo anapogombana na wa Kasulu, na mimi nakaa pembeni mpaka kesho yake. Kundi la WhatsApp wataunda hata usipotaka. Liache liwe la kukumbushana, lakini matangazo rasmi yabaki kwenye mfumo, na alama zisibandikwe humo kabisa; tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata bila sheria ni kumwaibisha mtu.

Mrejesho uwe mfupi na uje mapema. "Kazi nzuri" haimsaidii mtu. "Hesabu iko sawa. Sentensi ya tatu unasema mediani ni bora, hujasema bora kwa kazi gani, rekebisha hiyo tu" inamtosha. Wengine nawarekodia sauti ya dakika moja, kwa Kiswahili, ingawa kozi yenyewe ni ya Kiingereza.

Kabla ya kufungua kozi, mpe simu ya bei nafuu mtu asiyejua somo lako; mimi nina mpwa aliyemaliza kidato cha sita. Zima Wi-Fi, muulize: "Kazi ya wiki ya kwanza iko wapi?" Funga mdomo, tazama kidole chake. Kila anapobonyeza pasipo, tatizo ni la ukurasa. Mwonyeshe pia kupakua wiki nzima kwenye programu ya Moodle ya simu ili asome bila mtandao. Wanafunzi wengi hawajui kama inawezekana.

Ijumaa ya wiki ya pili nafungua ripoti ya walioingia. Ambaye hajaonekana namwandikia: "Sijakuona wiki hii. Ni bando, zamu, au zoezi la kwanza? Jibu kwa neno moja." Wa zamu namsogezea tarehe. Wa bando namtumia maandishi na sauti tu. Wa zoezi nampigia jioni hiyohiyo.