Soma umri wa tairi kabla ya kufungua boneti
Unapokagua gari la kasi la Kimarekani lililokwisha kutumika, tuseme Ford Mustang GT ya mwaka 2018, yenye injini ya V8 ya lita 5.0 na nguvu za farasi 460, anza kwa kuchuchumaa kando ya tairi za nyuma. Magari haya, ambayo nayapenda mno, mara nyingi hulala gerejini kwa miezi mingi, hivyo kashata, yaani vinundu vya mpira vinavyoshika barabara, huonekana nzima kama za tairi mpya ilhali mpira wenyewe umekwisha kukakamaa. Ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT, tafuta tarakimu 4: 2317 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Usipoziona, chungulia upande wa ndani. Kwa kuwa nguvu yote hiyo hupelekwa kwenye magurudumu ya nyuma peke yake, tairi iliyokakamaa huteleza ghafla ukikanyaga mafuta ukiwa bado kwenye kona, hasa asubuhi ya baridi. Mimi tairi iliyopita miaka 6 huibadilisha hata kama haijalika, na gharama yake huitaja mapema wakati wa kupatana bei.