Namna ya Kufuatilia Muujiza Usiouona Katika Biblia Yako

Katika kikundi cha mafunzo ya Biblia huku Buruburu, Nairobi, niliwahi kusimulia jinsi Ibrahimu alivyotupwa katika tanuri la moto akatoka bila kudhurika. Watu waliitikia amina, mpaka mzee mmoja akaniomba aya. Nilipekua kitabu cha Mwanzo mbele yao wote nisiipate, kwa kuwa haimo. Jirani Mwislamu angenisaidia upesi, maana Kurani inalisimulia jambo hilo. Lakini simulizi lenyewe limo pia katika maandishi ya kale ya Wayahudi, na ndiko ninakotaka kumwelekeza mwalimu mwenzangu.

Anza na aya, wala si na simulizi. Miujiza hii kwa kawaida huota pale ambapo maandiko yamenyamaza au yana neno linalotatiza. Mwanzo 15:7 husema kwamba Mungu alimtoa Abramu katika Uru wa Wakaldayo, na kwa Kiebrania jina Uru hulingana na neno lenye maana ya moto. Msomaji wa Kiswahili hawezi kulisikia hilo, kwa hiyo ni vyema kuwa na kamusi ya majina ya Biblia karibu. Kitabu kinachoitwa cha Filo-bandia, simulizi la kale la Kiyahudi linalosimulia upya habari za Biblia na lililotufikia kwa Kilatini, kiliunganisha moto huo na mnara wa Babeli: Abramu akakataa kushiriki katika kufyatua matofali, akatiwa tanurini, na moto ukawateketeza watu 83,500 waliosimama kutazama.

Kisha weka maandiko mawili sambamba, ukiandika yale yaliyoongezwa tu. Mfano ulio bora kuliko yote, kwa maoni yangu, ni Mwanzo 12:17, ambapo Farao anapigwa kwa mapigo makuu kwa sababu ya Sarai, bila kuelezwa alipona vipi. Katika gombo la Kiaramu lililopatikana Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, mwaka 1947, Abramu mwenyewe ndiye msimulizi. Pepo anamtesa mfalme kwa miaka miwili. Waganga na wachawi wa Misri wanashindwa. Lutu anamweleza mjumbe wa Farao kwamba Abramu hawezi kumwombea mfalme maadamu Sarai yumo nyumbani mwa mfalme. Hatimaye Abramu anaomba, anamwekea mikono kichwani, na pepo anaondoka. Ukifungua Mwanzo 20:17 utaona asili ya maombi hayo, kwani huko Ibrahimu anamwombea Abimeleki naye anapona. Kuwekea mikono kwa ajili ya uponyaji, hata hivyo, hakumo katika sura hizo mbili, na Agano la Kale la Kiebrania halisimulii uponyaji wa namna hiyo. Hapo mwalimu wa Nairobi ajizuie: wanafunzi wake wameona ibada nyingi za kuombewa, nao watataka kuligeuza gombo kuwa ushahidi wa ibada hizo kabla hawajalisoma.

Uliza pia ni nani hasa anayetenda. Artapano, Myahudi aliyeandika kwa Kigiriki, anasema Musa alimnong'onezea Farao jina la Mungu sikioni, mfalme akaanguka, na Musa akamwinua akiwa hai. Muujiza huo umekaa karibu sana na mkono wa Musa kuliko ilivyo katika Kutoka.

Chunguza njia ambayo maandishi yalipitia. Maneno ya Artapano tunayo kwa sababu Eusebio, askofu wa karne ya 4, aliyanukuu. Kitabu cha Maisha ya Manabii kilihifadhiwa na Wakristo, na wataalamu bado wanabishana kama ni cha Wayahudi wa karne ya kwanza au cha Wakristo wa baadaye; kwa hiyo usikitumie kutamka kwa uhakika kile ambacho Wayahudi wa siku za Yesu waliamini.

Kwa zoezi la kwanza, chukua sura ya 11 ya kitabu cha Yubile, kilichomo katika Biblia ya Kanisa la Othodoksi la Ethiopia na kilichobaki kikamilifu kwa Kigeez, lugha ya kale ya Ethiopia. Abramu ana miaka 14, kunguru wanashuka kula mbegu zilizopandwa, naye anawapigia kelele na kuwarudisha mara sabini kwa siku moja. Mpe kwanza nafasi ya kusoma yule aliyewahi kuamia ndege shambani, kisha muulize ni jambo gani hapo angeliita muujiza.